Pengo la Mstari wa Mbele

Hebu fumba macho kidogo, kisha uone uwanja wa shule ambao watoto wake wameondoka.

Kengele ya chuma inaning'inia mtini. Kwenye ubao wa darasa la pili bado kuna hesabu za kutoa ambazo hakuna aliyezimaliza. Kandambili moja imesahauliwa mlangoni. Na nyuma ya paa la madarasa, pale ambapo siku zote palikuwa na mlima wa buluu ambao kila mtoto aliuchora na jua pembeni yake, sasa pana mlima unaotapika moto.

Hakuna upepo. Hakuna ndege. Majivu yanaanguka polepole, kama unga unaochekechwa na mtu asiye na haraka.

Umeuona uwanja huo? Unaonekana mtupu, sivyo?

Hata mimi niliuona mtupu.

Shule hiyo ndiyo niliyokuwa nikifundisha. Iko juu ya mtaa wetu, kwenye mwinuko ambao watoto huupanda kwa mbio na walimu huupanda kwa kusimama kila baada ya muda wakijifanya wanatazama mandhari. Mlima ulipoanza kunguruma tuliambiwa tufunge, tukafunga. Lakini moto ulikuwa ukiteremkia upande wa pili, mbali nasi, na binadamu hakosi kuzoea. Watu walikung'uta majivu kwenye nguo walizoanika, wakazianika tena. Wengine walitoa viti nje jioni wakautazama mlima kama wanavyotazama mpira.

Mdogo wangu wa mwisho hakutosheka na kiti. Yeye ni mpiga picha. Watoto wote wa shule yangu humwita Mjomba Sogea, kwa sababu kila mwaka alikuja kupiga picha za madarasa, na kila mwaka maneno yake yalikuwa yale yale: "Sogea. Sogea kidogo. Hapo hapo. Tulia." Mazoea hayo yalimwingia hadi kwenye damu. Nimewahi kumsikia akimwambia kuku.

Mtaani walimtania. "Wewe fundi wa picha za vitambulisho, lini utapiga picha ya maana?" Naye alicheka pamoja nao. Lakini mimi ni dada yake, nimemlea mgongoni. Nilijua kicheko kile kilikuwa na mwiba ndani.

Kwa hiyo mlima ulipowaka, aliona zamu yake imefika. Akachukua kamera, stendi yake ya miguu mitatu na blanketi, akahamia kwenye darasa la pili, ambalo mlango wake unautazama mlima uso kwa uso.

Sasa nikueleze habari za mama yetu, maana bila yeye hadithi hii haina miguu.

Mama hajui kutulia. Akiketi, mguu unatikisika. Akisimama, anahamisha uzito toka unyayo huu kwenda ule. Hata usingizini vidole vyake huchezacheza juu ya shuka. Mwanawe ni mpiga picha, lakini hakuwahi kupata picha yake hata moja iliyotoka safi. Katika kila picha ya familia sisi sote tuna nyuso, na mama ni ukungu uliofunga kilemba. Tulipokuwa wadogo tulimcheka sana. Yeye alijibu neno moja tu.

"Kutulia ni kwa maiti."

Jioni hiyo, gari lenye kipaza sauti lilipita mtaani. Moto umebadili njia, lilisema. Lori litachukua watu kabla giza halijaingia. Kila mtu abebe kinachobebeka.

Lori lilipofika, mama alikataa kupanda.

"Bila kitinda mimba wangu, mimi na lori hili hatujuani."

"Mama, nampigia simu sasa hivi."

"Simu haimshiki mtu mkono. Nenda kamlete."

Dereva, mtu mnene mwenye taulo shingoni, alitoa kichwa dirishani. "Mwalimu, fanya hima. Honi fupi ni onyo. Honi ndefu ndiyo kwaheri, na hapo simngoji mtu, hata awe mkwe wangu."

"Mkwe wako ungemwacha kwa honi fupi," mwanamke mmoja alimjibu kutoka nyuma ya lori, na watu wakacheka. Watu wenye hofu hucheka haraka.

Nikachukua chupa ya chai na sweta la mdogo wangu. Usiniulize nani hubeba chai wakati watu wanakimbia moto. Ndivyo dada wakubwa tulivyo. Nilikuwa nimeshaanza kupanda mama aliponiita. Alikuwa ameshikilia ubao wa nyuma ya lori, akiyumba, akiyumba.

"Mwanangu. Ukifika uwanjani, usisimame. Tembea. Hata ukiongea, tembea."

"Kwa nini, mama?"

Alitazama juu, mlimani, kisha akatazama miguu yake.

"Tembea tu."

Nikadhani ni wasiwasi wa uzee. Nikaenda.

* * *

Jua lilikuwa bado halijazama, lakini lilifichwa na moshi, na mwanga ulikuwa wa rangi ya kutu. Hatua zangu hazikutoa sauti. Majivu yalimeza kila kitu. Nilijaribu kukohoa ili nijisikie. Kikohozi nacho kikamezwa.

Harufu ya njiti za kiberiti ilinijaa puani.

Kisha, nilipopita lango la shule, ikaja harufu nyingine. Harufu ya nguo zilizokaa sandukuni miaka mingi, halafu mtu akafungua kifuniko…

Nikakumbuka neno la mama. Sikusimama. Niliukata uwanja katikati, haraka, nikiifuata njia ninayopita kila asubuhi kati ya mistari ya watoto.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni mwa darasa la pili, ameinama nyuma ya kamera. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za mzee. Macho mekundu.

"Dada! Njoo uone. Taratibu, usiguse stendi."

"Lori linaondoka. Mama amegoma kupanda bila wewe. Funga vitu."

"Dakika moja."

"Dakika zako nazijua. Zina watoto na wajukuu."

"Dada, nakuomba. Tazama kwanza, halafu unigombeze."

Nikatazama. Na sitakudanganya: nilisahau lori. Kwenye kioo kidogo cha kamera, mlima ulikuwa umesimama wima katika giza la moshi, na kutoka kinywani mwake moto ulipanda juu kama chemchemi, kila cheche ikiwa imejichora mstari wake wa dhahabu. Ndani ya moshi, radi ilijisuka kama mizizi ya mti uliopinduliwa. Chini, mto wa moto uliteremka ukiwa laini kabisa, kama kitambaa chekundu kilichotandazwa na mikono yenye upole. Nilijisikia fahari. Nilitaka wale waliomwita fundi wa vitambulisho wawepo pale, wazibe midomo.

"Kwa macho hauonekani hivi," nilisema.

"Jicho lina haraka, dada. Kamera ikifunguliwa ikaachwa wazi, inakusanya. Kinachopita hupotea, hata kiwe ng'ombe. Kinachotulia ndicho hubaki." Akatabasamu. "Ndiyo maana mama hapatikani."

"Na hiki hapa ni nini?"

Juu ya tuta, chini ya mto wa moto, palikuwa na kitu cheusi, kidogo, kama kisiki.

Alipangusa kioo kwa kidole gumba.

"Mtu," alisema. "Nilimwona jana, kwa lenzi ya kuvuta. Ametulia kama mteja mzuri. Nikafurahi, maana mlima usio na mtu haujulikani ukubwa wake. Ila alikuwa mbali mno. Basi nikasema. Kwa mazoea tu, unanijua. Nikasema…"

"Sogea."

"Sogea kidogo. Ndiyo. Lakini yuko kule, dada, mimi niko hapa! Angenisikiaje?"

"Na kisha?"

Alibonyeza kitufe. Picha iliyofuata: mlima, moto, radi. Kisiki kilikuwa chini ya tuta. Tena hakikuwa kimoja.

Alibonyeza tena. Walikuwa kundi, kando ya mashamba.

Akabonyeza tena. Walikuwa barabarani, chini ya nguzo ya umeme. Wembamba. Weusi. Mikono ubavuni.

Tena. Walikuwa langoni mwa shule.

"Kila picha uliwaambia wasogee?" Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Picha ilizidi kuwa nzuri," alisema taratibu, kama mtoto aliyekutwa na chaki mfukoni. "Kila waliposogea, picha ilizidi kuwa nzuri."

"Na hii ya mwisho?"

"Niliifungua ulipokuwa unaingia. Nimeifunga sasa hivi, ulipofika."

Niliitazama. Uwanja wa shule yangu, mti wa kengele, mlima nyuma. Mimi simo. Nilikuwa natembea, na kinachotembea hupotea.

Lakini wao walikuwemo.

Walisimama kwa mistari, kushoto na kulia. Katikati yao palikuwa na njia nyembamba, ile ninayopita kila asubuhi.

Nilikuwa nimepita katikati yao.

Nikainua macho. Uwanja ulikuwa mtupu. Majivu tu yalikuwa yakianguka.

"Twende," nilinong'ona. "Acha kila kitu, baba. Twende kwa mama."

"Nyuso hazionekani," alisema. Hakuwa akizungumza nami. "Moto uko nyuma yao, nyuso zinakuwa nyeusi. Moja ya mwisho, dada. Nyuso tu."

Akafungua lenzi. Mlio mdogo: *tak*. Nami, kabla sijapata kumziba mdomo, nikamsikia akisema kwa ile sauti yake nzuri, ya kubembeleza, anayowasemesha watoto waoga wa darasa la kwanza:

"Inueni videvu kidogo. Hivyo. Fungueni macho."

Mlima ukanyamaza.

Umewahi kuwa kwenye chumba chenye saa ya ukutani, ikasimama ghafla? Ndivyo ilivyokuwa. Siku zote zile ulikuwa ukinguruma chini ya miguu yetu, na sasa kimya. Katika kimya kile nikasikia pumzi. Si moja. Nyingi, ndogo ndogo, kama darasa zima limeambiwa lilale juu ya madawati.

Kisha nikayaona majivu.

Yalikuwa yakianguka, lakini si yote yalifika chini. Mengine yalikuwa yakitua hewani. Yalitua kwa urefu wa kichwa. Yalitua kwa upana wa mabega. Taratibu, chembe kwa chembe, juu ya hewa tupu, yalikuwa yakichora watu. Wazee kwa nyuma. Akina mama katikati. Watoto mbele, wamepangwa kwa kimo, kama tunavyowapanga sisi walimu. Na katika kila uso palikuwa na mahali pawili ambapo majivu hayakutua.

Macho yalikuwa wazi.

Mstari wa mbele ulikuwa na pengo. Pembeni ya mwanamke mrefu aliyeinamisha mkono wake kidogo, kama aliyeshika kitu, palikuwa na nafasi. Nafasi finyu. Ya mtoto.

"Sogea…"

Sauti haikutoka kinywani mwa mdogo wangu. Ilikuwa uwanjani. Lakini ilikuwa sauti yake, ile ile ya kubembeleza, kama imehifadhiwa mahali na sasa inarudishwa.

"Sogea kidogo…"

Akaiacha kamera.

"Mdogo wangu."

Akashuka ngazi za baraza.

"Wewe! Mwana wa mama!"

Hakugeuka. Alitembea mpaka kwenye lile pengo. Alikuwa mrefu mno kwa nafasi ile, kwa hiyo akapiga magoti. Kichwa chake kikalingana na vichwa vya watoto. Akainua kidevu.

"Hapo hapo," uwanja ulinong'ona. "Tulia."

Akatulia.

Chini kabisa, kama ng'ambo ya dunia, nikasikia honi. Fupi.

Nilikimbia. Nilimshika kwapani, nikavuta. Nimewahi kumbeba akiwa na homa, akiwa amelala, akiwa amenuna. Siku hiyo alikuwa mzito kama nguzo iliyochimbiwa. Kifua hakikupanda wala kushuka. Majivu yalikuwa yakimwangukia ndani ya macho, juu ya mboni zenyewe, naye hapepesi. Tayari mabega yake yalikuwa meupe.

Nilipiga mayowe. Nilimzaba kofi. Nikaanza kusikia miguu yangu mwenyewe ikiwa mizito, na wazo tamu likanijia: pumzika, mwalimu, umesimama maisha yako yote, simama kidogo tena…

Tembea, mama alisema. Hata ukiongea, tembea.

Nikaanza kuzunguka. Niliwazunguka kama ninavyozunguka mistari asubuhi, nikiburuta miguu, nikilia, nikiwatazama. Na nilipowatazama vizuri, hofu yangu ikapata nafasi ya kufikiri. Nimesimamisha watoto kwa mistari tangu nikiwa msichana. Namjua mtoto mkaidi anavyosimama. Namjua mwenye njaa, na mwenye hasira. Hawa hawakuwa na hasira. Shingo zao zilikuwa zimenyooka sana. Vidole vyao vilikuwa vimekunjwa. Walisimama kama watoto walioambiwa wasitikisike mpaka mwalimu arudi.

Na mwalimu hakurudi.

Nikaenda kwenye kengele. Chuma kilikuwa cha moto. Nikaokota kile kipande cha nondo tunachopigia, nikapiga. Sikupiga kengele ya mstarini. Nilipiga ile ya kwenda nyumbani, ya haraka haraka, ambayo kila mtoto duniani anaitambua hata akiwa chooni. Kisha nikatafuta sauti yangu ya darasani. Ilinichukua muda kuipata.

"Basi, wanangu," nilisema. "Tumemaliza. Mmetulia vizuri sana, nyote. Nawaruhusu. Nendeni nyumbani."



Mwanamke mrefu aligeuza kichwa. Polepole. Majivu yalimumunyuka shingoni mwake. Alinitazama kwa zile nafasi mbili, muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura anayoijua.

Halafu wote wakaanguka. Majivu tu, yote kwa pamoja, kama gunia lililofunguka chini. Mdogo wangu akavuta pumzi kwa mlio wa kutisha, akaanguka kifudifudi, akikohoa.

Na pande zangu zote nikasikia miguu. Miguu mingi, myepesi, inayokimbia kama inavyokimbia kengele ya mwisho ikilia. Ilinipita kushoto na kulia. Upepo wake ulinipeperusha kilemba.

Haikupanda mlimani.

Ilikuwa ikiteremka.

* * *

Mlima ulinguruma tena. Tulikimbia tukishikana mikono. Yeye alikuwa na kamera shingoni. Sijui aliichukua saa ngapi, na sikuwa na pumzi ya kumgombeza. Honi ndefu ilitukuta kwenye kona ya chini. Lori lilikuwa limeshaanza kutembea, na dereva aliyeapa kutomngoja hata mkwe wake aliliendesha kwa mwendo wa kobe mpaka tukavutwa juu.

"Mwalimu," alifoka, "siku nyingine nenda kamlete mtu mwepesi!"

Mama alimshika mwanawe uso, masikio, mabega. Mguu wake ulikuwa ukitikisika kama kawaida. Kisha mikono yake ikafika kwenye magoti ya suruali, yenye majivu yaliyoshikana kama udongo wa mfinyanzi.

"Alipiga magoti wapi?"

"Uwanjani, mama," nilisema. "Palikuwa na nafasi. Mstari wa mbele."

Hakuuliza nafasi gani. Lori liliyumba, watu wakalia, mtoto wa mtu akaomba maji. Tulipofika barabara kubwa ndipo mama akasema, karibu na sikio langu, jambo ambalo hakuwahi kutuambia.

Alizaliwa juu kule, juu zaidi ya shule, mahali ambapo leo ni mwamba mweusi. Mlima ulipowaka wakati huo, mkubwa mmoja aliwapanga watu wote kwa mistari, wadogo mbele, ili iwe rahisi kuwahesabu gari likija. Aliwaambia: kaeni hapa hapa, msitikisike, ninakwenda kuleta gari, nitarudi. Wakakaa. Walikuwa watu watiifu. Mama alikuwa mstari wa mbele, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake. Lakini mkojo ulimbana. Akachomoa mkono, akakimbilia bondeni, nyuma ya vichaka.

"Wingu la majivu ya moto lilipita juu yangu," alisema. "Nilipotoka, walikuwa bado wamesimama."

"Na yule aliyekwenda kuleta gari?"

"Nani anajua? Labda alikufa njiani. Labda aliogopa. Ninachojua hakurudi kuwaambia basi."

Nilimkumbatia. Nilitaka kumpa kitu, faraja yoyote. "Usihofu tena, mama. Mimi nimewaambia. Nimewaruhusu waende nyumbani."

Mguu wake ulisimama.

Maisha yangu yote sikuwahi kuuona ukisimama.

"Nyumbani wapi, mwanangu?" alinong'ona. "Kule ni jiwe tupu. Nyumbani kwa mtu ni pale walipo watu wake."

* * *

Tunaishi mbali sasa. Kutoka hapa mlima hauonekani hata siku ya anga safi. Nimepata darasa jingine, lenye watoto wasiojua kuchora mlima.

Ile picha ya mwisho, ile ya nyuso, mdogo wangu aliipeleka kwa watu wa picha, na imempa jina alilolitaka. Ni mlima katika utukufu wake wote, na chini yake uwanja mtupu wa shule. Mtupu kabisa; tumeutazama kwa lenzi ya kukuzia. Imetundikwa kwenye kumbi kubwa. Nilikwenda kuiona mara moja. Watu walikuwa wamesimama mbele yake, wametulia. Muda mrefu. Mmoja mbele, wengine nyuma, warefu nyuma zaidi… Nikatoka nje.

Siku hizi mdogo wangu hasemi "sogea." Akitaka mteja asogee, humwonesha kwa kidole.

Kila asubuhi mimi hufagia kizingiti chetu. Vumbi lake ni jepesi, la kijivu, lina harufu ya sanduku lililofunguliwa. Majirani wanasema ni vumbi la barabara. Nawaitikia. Lakini vizingiti vyao havina.

Na mama anazeeka vizuri, kila mtu anasema. Amekuwa mpole. Ameacha kuhangaika. Alasiri huketi mkekani, mgongo wima, akijisogeza pembeni kana kwamba anawapisha wengine, na mkono wake mmoja hukunjwa kidogo, kama uko ndani ya mkono wa mtu.

Juma lililopita mdogo wangu alimpiga picha pale mkekani. Alikuja jikoni kunionesha. Tuliitazama pamoja. Kila mkunjo wa uso ulionekana. Kila unywele. Kidevu kimeinuliwa kidogo.

Imetoka safi.

Tangu siku hiyo, nikitoka kazini huketi karibu naye, nikamshika goti, nikalitikisa. Namsimulia vituko vya darasani. Namuuliza mambo ambayo majibu yake nayajua. Wakati mwingine huchelewa sana kunijibu. Wakati mwingine hucheka, na mguu wake huchezacheza kidogo chini ya kiganja changu, nami humshukuru Mungu kimya kimya.

Sasa fumbua macho. Sikukuambia haya ili ukose usingizi. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Siku utakayosikia sauti nzuri, ya kubembeleza, ikikuambia usogee kidogo, hapo hapo, utulie… na usimwone anayesema… usimjibu, wala usimtafute.

Tikisa hata kidole.